Fomu Mbili za Sista Mdogo

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, watoto wawili, na magoti yaliyoanza kulalamika kwenye ngazi, lakini pale hospitalini mpaka walinzi wa getini walimwita Sista Mdogo. Sista Mkubwa alikuwa mama yake. Mama huyo alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika wodi ya upasuaji ya wanawake, akastaafu kwa heshima zote, na picha yake ilikuwa bado imetundikwa karibu na kabati la dawa, kofia imekaa sawasawa, kidevu juu. Binti alipoajiriwa wodi ile ile, mtu mmoja alitania kwamba sasa wana sista mkubwa na sista mdogo. Utani ukageuka jina, jina likaganda. Mkubwa aliondoka, miaka ikapita, na mdogo akabaki mdogo.

Jumatatu moja, baada ya zamu ya usiku kukabidhi zamu ya asubuhi, muuguzi mkuu aliwagawia fomu za kujitathmini. Jengo jipya la hospitali lilikuwa limekamilika, na nafasi kadhaa zilikuwa wazi: mkuu wa wodi ya upasuaji, mkufunzi wa wanafunzi, msimamizi wa chumba cha kutakasa vifaa, na nyingine ndogo ndogo.

"Safari hii sitaki kupanga watu kwa kubahatisha," alisema. "Kila mtu ajipime mwenyewe. Unaweza nini, unashindwa nini, kazi gani inakupa nguvu na ipi inakumaliza. Msiniandikie mnachodhani nataka kusoma."

"Mama, tangu lini mtu akajisahihishia mtihani akajipa sifuri?" aliuliza Redio, muuguzi kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu ukimwasha hazimiki.

Watu wakaangua kicheko. Muuguzi mkuu hakucheka. "Mna mpaka Ijumaa," alisema, akatoka.

Wengi walizijaza pale pale wakinywa chai. Kulikuwa na visanduku vya moja mpaka tano, nao wakatia alama kwenye tano, tano, tano, kama mtu anayepiga mihuri. Redio alimaliza kabla chai yake haijapoa, na akachukua nakala moja ya ziada eti akamwonyeshe dada yake.

"Wewe huna haja hata ya kujaza," alimwambia Sista Mdogo. "Ukuu wa wodi ni wako. Kazi hii iko kwenye damu yenu."

Sista Mdogo alitabasamu, akaikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni.

Kilichokuwa kwenye damu yake alikijua mwenyewe. Kwa miaka miwili sasa, kila siku ilipofika saa sita kasorobo mchana, dakika kumi na tano kabla ndugu wa wagonjwa hawajafunguliwa mlango, aliingia stoo ya mashuka, akageuza ufunguo, akaegemeza paji la uso kwenye rundo la mablanketi, akahesabu mpaka mia. Siku nyingine mia moja haikutosha, akaanza upya. Kisha alijinyoosha, akafuta uso, akatoka akiwa ameshika shuka mbili tatu mkononi ili aonekane alikuwa na la kufanya.

Chanzo chake kilikuwa neno moja. Asubuhi moja mume wa mgonjwa alimsimamisha koridoni. Mkewe alikuwa ametolewa uvimbe tumboni siku tatu nyuma. Alikuwa amekaa kitandani anachana nywele, amekunywa chai, anauliza lini ataenda nyumbani. "Sista," mume alisema, "niende kazini au nibaki?" Naye akamjibu kama alivyowajibu mamia kabla yake: "Nenda tu, baba. Anaendelea vizuri."

Saa nane mchana donge la damu lilikwenda kwenye mapafu ya yule mama, na kabla daktari hajamaliza kupanda ngazi alikuwa amekata roho. Madaktari walikaa, wakapitia faili ukurasa kwa ukurasa, wakasema hakuna aliyekosea, hakuna ambaye angeweza kujua. Mume alikuja mbio na ovaroli lake la kazini. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alimtazama Sista Mdogo, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia: "Si ulisema niende?"

Tangu siku hiyo, ndugu wa mgonjwa akifungua mdomo kuuliza, ulimi wake ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Alijibu, ndiyo. Alijikaza kisabuni, akajibu. Lakini kila jibu lilimtoa jasho.

Jumanne jioni aliiweka ile fomu kwenye meza ya jikoni, akaanza. Maswali sita ya kwanza yalikuwa mepesi. La saba liliuliza: *Ni sehemu gani ya kazi yako ukiifanya husahau kutazama saa?*

Jibu lilimjia mara moja, naye akaona aibu kwalo. Siku za Jumanne alipelekwa kusaidia chumba cha vifaa, kule chini, nyuma ya chumba cha upasuaji. Huko mikasi, koleo na vibano vilifika vikiwa na damu, vikaoshwa, vikasuguliwa kwenye maungio, vikahesabiwa, vikafungwa kwa vitambaa vya kijani na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke. Kila furushi lilibandikwa utepe wenye mistari hafifu. Mistari ikigeuka myeusi, ujue mzigo umeiva, vijidudu vimekufa. Saa nne za kule zilimwendea kama nusu saa. Alikuwa na jicho la kuona kutu ndogo kama punje ya chumvi, na vidole vyake vilijua mkasi uliolegea kabla hajaujaribu.

Swali la tisa liliuliza: *Ni sehemu gani inayokuchosha kuliko inavyostahili?*

Hapo kalamu ilisimama. Mumewe, seremala, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza akitoa kibanzi kwenye kidole gumba.

"Unafanya mtihani?" aliuliza.

"Tunatakiwa kujipima."

"Mimi nikijipima urefu mwenyewe nitajiongezea inchi mbili." Alisubiri acheke. Alipoona hacheki, aliweka sindano chini. "Mke wangu, Jumapili jioni huwa huli. Mwaka wa pili huu. Unasukuma chakula huku na huku, halafu unampa mtoto. Nilidhani utasema ukiwa tayari."

Alimtazama. Mumewe alikuwa akijua na amenyamaza! Hakujua kama amshukuru au amkasirikie. Akachukua kalamu, akaandika chini ya swali la tisa, kwa herufi ndogo: *Kuzungumza na ndugu wa wagonjwa. Naogopa kuwaambia kitu chochote.* Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona maneno hayo nje ya kichwa chake. Yalionekana madogo, na hilo lilimuumiza zaidi. Penye nafasi anayoomba akaandika: *Chumba cha vifaa.*

Sehemu ya mwisho ya fomu ilitaka mtu mmoja anayefanya kazi na mhusika aandike anachokiona. Sista Mdogo alimkwepa Redio, akawakwepa wauguzi wenzake wote, akampelekea Mama Ndoo, mwanamke wa makamo aliyesafisha wodi ile. Alimchagua kwa hila: Mama Ndoo alikuwa mtu wa maneno machache, na kuandika kwenyewe hakukuwa shughuli anayoipenda. Angeandika "mchapakazi", yakaisha.

Jumatano mchana Mama Ndoo alimrudishia karatasi akiwa ameikunja vizuri. "Nimeandika nilichokiona," alisema. "Nisamehe kama nimekosea mwandiko."

Sista Mdogo aliisomea chooni. Ilikuwa imeandikwa: *Ni mtu mwema hajawahi kunitukana. Kila siku kabla ya saa sita anajifungia stoo ya mashuka. Sijui analia au anaomba. Mimi husimama nje na ndoo ili mtu asigonge. Vyombo akivisafisha yeye ni visafi kuliko vya wote.*

Aliisoma mara tatu. Miaka miwili alidhani ule mlango unamficha, kumbe kulikuwa na mtu nje anayemlindia. Alikumbuka mara ngapi alitoka na kumkuta Mama Ndoo akipiga deki pale pale, kwenye sakafu ambayo tayari ilikuwa inang'aa, akampita bila hata kusema pole na kazi. Uso ulimwaka moto. Mawazo yaliyofuata yalikuwa ya mtu aliyebanwa ukutani: fomu hii haiwezi kupelekwa.

Akamwomba Redio ile nakala ya ziada. Akakaa nyuma ya kabati la dawa, chini ya picha ya mama yake, akajaza fomu ya pili kwa dakika nane. *Navutiwa na uongozi. Nina uvumilivu na ndugu wa wagonjwa. Nafasi ninayoomba: mkuu wa wodi.* Redio akaandika sehemu ya mwisho, mistari kumi na minne ya sifa, akaongeza alama mbili za mshangao. Sasa mkoba wake ulikuwa na fomu mbili.

Alhamisi alasiri Sista Mkubwa alikuja kumtembelea bintiye, kama kawaida yake bila taarifa. Alikuwa na sabini kasoro moja, mgongo umenyooka, na tabia ya kupanga upya vikombe vya watu. Simu ikalia; shoga yake alitaka kumtajia namba ya mtu. "Nipe kalamu," alimwambia binti aliyekuwa anaepua birika, na bila kusubiri akaingiza mkono mkobani.

Binti alipogeuka, mama alikuwa amevaa miwani, amekata simu, na fomu zote mbili ziko mezani, moja kulia, moja kushoto.

"Fomu mbili, jina moja," mama alisema. "Hapa kuna shujaa, hapa kuna mwoga. Nimemzaa yupi?"

"Wote wawili, Mama."

"Usinifanyie mzaha." Aligonga kidole kwenye fomu ya kweli. "Chumba cha vifaa! Enzi zangu kule walipelekwa waliogombana na madaktari na waliovunja vioo. Mimi nimeuacha ujana wangu katika wodi ile ili mwanangu akachemshe mikasi? Na huyu mfagizi ndiye wa kukuandikia ushahidi?"

"Anasema kweli."

"Nani amekuuliza ukweli? Wamekuuliza unataka kazi gani!" Mama alivua miwani. Sauti ilishuka. "Unaingia tu, mwanangu. Unavaa uso, unaingia. Woga unabaki nje na viatu vyenye tope."

"Unabaki nje kwako. Kwangu unaingia nao."

Birika lilikuwa linapoa. Sista Mdogo alikumbuka fomu nyingine, ya zamani zaidi. Alikuwa na miaka kumi na saba, alikuwa anapenda kufungua saa mbovu na kuzifunga tena, na mama alirudi kazini siku moja na fomu ya chuo cha uuguzi iliyojazwa tayari, mwandiko mzuri wa kulala, imebaki sehemu ya sahihi tu. Alitia sahihi. Hakulazimishwa, hilo asingeweza kulisema. Ila hata sekunde moja hakufikiria kwamba angeweza kuiacha ile kalamu mezani.

"Mama," aliuliza, "miaka yote ile, wewe hukuwahi kuogopa?"

Mama alianza kuzikunja fomu, akifuata mikunjo yake ya zamani, polepole, kona kwa kona.

"Mimi hakuna aliyeniuliza," alisema. "Na ningeulizwa nisingejibu." Alisimama, akachukua mtandio wake, akaondoka. Chai yake ilibaki na utando juu.

Jioni ile mumewe alizisoma zote mbili, ya kweli na ya uongo, akikunja uso kama anavyokunja akikagua mbao. Sista Mdogo alimwambia achague yeye, maana kichwa chake kimechoka.

"Sichagui mimi," alisema. "Ila nakwambia hivi. Ukipeleka hii nzuri, utapata kazi ya huyu uliyemwandika. Sasa sijui kama huyo mtu yupo wa kwenda kuifanya."

Ijumaa asubuhi alimpa muuguzi mkuu fomu ya kweli. Ile nyingine aliichana chooni vipande vidogo, akavuta maji mara mbili.

Aliitwa wiki iliyofuata. Muuguzi mkuu alikuwa na fomu mbele yake, na chini ya swali la tisa alikuwa amepiga mstari kwa wino mwekundu.

"Nimesoma fomu thelathini na nane," alisema. "Thelathini na saba ni za malaika. Kaa." Akamwacha akae. "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ningesema nini, Mama? Kwamba muuguzi anaogopa maswali?"

"Ungesema hivyo hivyo." Alikuna nyusi. "Nitakuwa mkweli na mimi. Nilikuwa nimekuwekea ukuu wa wodi. Barua ilibaki sahihi tu. Nikikupeleka chini, cheo chako kinabaki hapo hapo kilipo. Na watu watasema umeadhibiwa. Nitawaambia hapana, hawatanisikia. Bado unataka?"

Sista Mdogo aliutazama ule mstari mwekundu. Akaitikia kwa kichwa.

Ukuu wa wodi alipewa Redio. Watu walishika vichwa, lakini mwezi haukuisha kabla hawajanyamaza, kwa sababu Redio aliiweza. Aliongea na ndugu wa wagonjwa mpaka wakacheka, na penye habari mbaya alivuta kiti, akakaa, akasema taratibu. Kumbe zile tano tano alizojipa, baadhi zilikuwa za haki. Jambo hilo lilimkereketa Sista Mdogo kuliko alivyotaka kukiri.

Maneno yalisemwa kama muuguzi mkuu alivyotabiri. Ameiba dawa. Amemjibu daktari vibaya. Amechanganyikiwa, mnajua lakini. Wenzake aliokula nao chakula cha mchana miaka mingi walimsalimia kwa huruma ya kumsalimia mfiwa. Mama Ndoo peke yake alishuka ngazi siku ya pili, akasimama mlangoni na ndoo yake, akasema, "Huku kuna joto," akaendelea na kazi. Sista Mdogo alimfuata mpaka koridoni. Alikuwa amepanga hotuba ya shukrani, ikayeyuka yote. Alichoweza ni kumshika mkono uliolowa sabuni. Mama Ndoo akautoa taratibu, akasema, "Nitakuchafua."

Kazi yenyewe ilimkubali. Aliondoa vibano kumi na tisa vilivyokuwa vibovu, akaandika utaratibu mpya wa kuhesabu, na madaktari wa upasuaji wakaacha kurusha mikasi kwenye trei kwa hasira. Alilala usingizi wa kueleweka. Lakini mama yake hakukanyaga nyumbani kwake miezi minne. Mwezi wa tano jirani mmoja alimpongeza sokoni. "Mama yako ametuambia umekuwa mkuu wa vifaa vyote vya hospitali. Hongera sana, mkubwa!" Sista Mdogo alishukuru, akaendelea kuchagua vitunguu. Hakujua kama mama amemsamehe au amemficha tu kwa cheo cha kubuni. Mama alipokuja hatimaye, alipanga vikombe, akauliza habari za watoto, na juu ya kazi hakutia neno. Ikawa hivyo kila alipokuja.

Mwezi wa saba ndipo kilipotokea kitu ambacho fomu haikukitegemea. Redio alishuka chini akihema.

"Kuna bibi kitanda cha kumi na moja," alisema. "Alilazwa kwetu mwaka jana, amerudi. Kila asubuhi ananiuliza, yule sista asiyesema sana yuko wapi? Nikamwambia mimi nipo, bibi. Akasema, wewe unaongea sana, mwanangu, nataka yule anayenifunga kidonda akanyamaza." Redio alicheka, ila cheko lake lilikuwa na mchubuko. "Panda umwone, basi."

Akamkumbuka. Bibi mwembamba mwenye kidonda kirefu tumboni, aliyefungwa bandeji kila siku kwa wiki sita. Nusu saa nzima hakuna aliyesema neno, bibi akiwa ametazama dirisha. Sista Mdogo alidhani ukimya ule ni upungufu wake. Alijipa mbili kati ya tano kwa sababu yake.

Alipanda siku hiyo hiyo, lakini alichagua saa vibaya. Alifika mlangoni ndugu wamejaa, na binti mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwona na sare yake, akamjia moja kwa moja. "Sista, samahani, eti mama yangu—"

"Mimi si wa wodi hii," alisema haraka, akageuka, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Kesho yake alipanda saa tatu, wakati tulivu. Kitanda cha kumi na moja kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Bibi ameruhusiwa asubuhi na mapema, walimwambia, amekwenda kwa mwanawe, mbali. Mzima? Mzima.

Siku tatu alizunguka na jambo hilo kama jiwe ndani ya kiatu. Hofu yake alikuwa ameiandika kweli kabisa. Lakini kwa kuiogopa hofu alikuwa ameikata wodi nzima, na wagonjwa wenyewe hawakuwahi kumwogopesha. Vidonda havikumwogopesha. Alikuwa ameukata uvimbe pamoja na nyama nzima.

Siku ya nne alibisha mlango wa muuguzi mkuu.

"Mama, ile fomu yangu. Nilijipima vibaya sehemu moja."

Muuguzi mkuu alishusha miwani, akamtazama kwa uchovu wa mtu mwenye milango mingi inayogongwa. "Sehemu gani?"

"Kufunga vidonda. Naomba asubuhi mbili kwa wiki, kabla ya saa tano. Vifaa vitaendelea vile vile."

"Umetoka kwa ombi lako. Sasa unataka kurudi nusu. Wenzako watasema napanga kazi kwa mizuka ya mtu mmoja." Alifungua daftari la zamu, akalipekua, akalifunga. "Nafasi za asubuhi zimejaa mpaka mwisho wa mwaka. Siahidi. Niandikie, karatasi moja, ueleze vizuri unachoweza na usichoweza. Safari hii usijihurumie na usijisulubu."

"Na ikikataliwa?"

"Ikikataliwa imekataliwa."

Alishuka. Chini mashine ya mvuke ilikuwa imefungua mlango, joto limejaa chumba, na mafurushi ya upasuaji wa mchana yalikuwa yanasubiri kukaguliwa. Aliyakagua yote, moja moja, mistari ya utepe myeusi kama inavyotakiwa. Kisha alivuta karatasi kwenye droo, akaandika tarehe juu kabisa, na sentensi ya kwanza ilimchukua muda mrefu.